Ganda la Juu la Mkate wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mjane, na mkate ndio uliomweka mjini. Tanuri lake la matofali, nyuma ya nyumba, lilikuwa limetitia sakafu upande mmoja, makaa yakawa yanajikusanya huko, kwa hiyo kila mpiko haukukosa mikate iliyoungua chini. Mizuri ilikwenda madukani. Iliyoungua ilibaki nyumbani. Shangazi aliipasua kwa ubavu: nusu ya juu ya mgeni, ya chini yetu sisi watoto wa ndugu yake, pamoja na mpangaji wake, mwalimu wa Kiingereza. Hatukunung'unika. Ukiuchovya kwenye chai ya moto, mkate ulioungua una utamu wake, na mpaka leo harufu ile hunirudishia njaa ya asubuhi zile.

Siku moja mwalimu, akikwangua masizi kwa kisu, alicheka peke yake.

"Nini tena, mwalimu?" shangazi akauliza.

"Nimekumbuka msemo. Waingereza wakiwataja vigogo, watu wa ukoo na mali, huwaita apa krasti. Ganda la juu."

"La mkate?"

"Ndivyo wanavyosimulia. Eti zamani mkate uliungua chini, bwana mkubwa akakatiwa juu, watumishi wakaachiwa masizi. Ila wachunguzi wa maneno wanasema hawajaona ushahidi. Huenda ni juu tu, kama tunavyosema mtu yuko juu."

"Hao wachunguzi hawajapita kwangu. Basi mimi na wewe ni ganda la chini."

"Tena lililoungua."

Walicheka mpaka chai ikapoa. Tangu afiwe, tulikuwa hatujamsikia shangazi akicheka hivyo.

Wakati huo baba alikuwa ameshamtafutia mchumba, mfanyabiashara wa mbao, mtu mzito, mwenye gari na sauti ya kuagiza. Wakaja naye Jumapili moja, wakaketi sebuleni. Mwalimu alipoinuka awapishe, shangazi akamwambia, "Kaa, mwalimu. Chai ni ya wote."

Akaleta sinia. Nusu ya juu ya mkate, yenye rangi ya asali, akaiweka mbele ya mwalimu. Ya chini akamwekea mgeni.

Baba akakohoa. "Dada, umekosea sahani."

"Sijakosea, mdogo wangu."

Mwalimu hakuugusa mkate. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Mgeni alitafuna kidogo, akasifu chai, akaaga mapema.

Baba alimnunia dada yake kwa muda mrefu. Mama ndiye aliyemlainisha. "Wewe ulimtafutia mume au ulijitafutia shemeji mwenye gari?" alimuuliza. Mwisho baba mwenyewe akasimamia ndoa ya dada yake na mwalimu, ndoa ndogo, isiyo na vishindo.

Mwalimu alipostaafu alijifunza kukanda unga, na hakuuweza kamwe. Maji yalimzidi kila mara, shangazi akimgombeza kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Mara ya mwisho kuwatembelea wote wawili, nilimkuta mwalimu amesinzia kitini, nyusi zimejaa unga. Shangazi aliweka kidole mdomoni, akanisogezea kigoda, akanimiminia chai. Tukanywa polepole, tukimsikiliza akikoroma.