Kiganja cha Karanga Saa Nne

Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi Uzi, kwa sababu alipoanza kazi alikuwa mwembamba hata wateja walimtania asisogelee sindano, atatungwa.

Naandika habari zake kwa sababu ya maneno niliyoyasikia msibani. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake jikoni kwamba mimi, pamoja na usomi wangu wote, nilimshindisha mume wangu njaa. Nyumba yetu haijawahi kutajwa kwa uchoyo, na sitaki wajukuu wangu waipokee habari hiyo nusunusu. Ukweli umo ndani yake. Afadhali wausikie kwangu.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele chenye cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ya kukatia, na kioo kirefu kilichopasuka kona. Kila suruali aliyoshona aliiachia kitambaa cha ziada kiunoni, nyuma, upana wa vidole viwili. "Mteja akinenepa atarudi kwangu," alisema. Na saa nne asubuhi, tangu ujana wake, alisimamisha kazi akala karanga.

Alipofika miaka hamsini na miwili, kliniki walimpima wakakuta mafuta yamezidi kwenye damu. Daktari alikuwa na foleni ndefu. Alisema maneno mawili tu: "Punguza mafuta." Baba mkwe wangu alikuwa ameanguka na kufa kwa moyo katika chumba kile kile cha kushonea, akiwa na umri huo huo, mkasi mkononi. Niliogopa sana. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, nikaamua kwamba ikiwa kupunguza ni vizuri, kuondoa kabisa ni vizuri zaidi.

Nikaondoa chupa ya mafuta, parachichi, samaki wanono, na karanga zake. Kabichi nikaichemsha. Alipolalamika njaa nilimwongezea mkate mweupe mkavu na chai yenye sukari, maana sukari si mafuta.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, akiligeuza jani kwa uma, "hii kabichi ilikosa nini mpaka ikaadhibiwa hivi?"

Wifi yangu naye alikuja kututembelea, akafunua sufuria. "Wifi, kaka yangu anakula kama amelazwa wodini!"

"Nataka kaka yako azeeke," nilimjibu, nikarudisha kifuniko.

Nyumbani hatukuwa na mizani. Kila Jumamosi alivaa suruali yake ya kijivu akasimama mbele yangu.

"Inaingia, haiingii?"

"Inaingia."

"Basi."

Nami nikajivuna mbele ya walimu wenzangu. Vijana wa barazani walipoanza kumwita Fundi Gunia, nilisema ni husuda. Macho yangu yaliona shati linavyombana. Niliiamini suruali.

Mwezi wa saba wa mlo huo, nikipiga pasi, niliigeuza suruali ile ndani nje. Nyuma kiunoni palikuwa na utepe wa kitambaa cheusi zaidi, ambacho hakijawahi kuona jua, na kando yake matundu ya mshono uliofumuliwa. Si mshono mmoja, miwili. Nilizima pasi, nikaitundika suruali mkononi, nikaenda dukani. Nikamkuta na nusu ya mkate uliopakwa jamu.

"Nani ametanua hii?"

"Mteja alinenepa."

"Mteja gani?"

Akajipapasa tumbo. "Huyu hapa." Kisha akaacha mzaha. "Niliona unavyohangaika, mama watoto. Sikutaka ujione umeshindwa. Lakini nina njaa. Nakula, nashona mfuko mmoja tu, njaa imerudi. Hata naota karanga."

Kesho yake tulikwenda kliniki pamoja. Mafuta ya damu yalikuwa yamepanda zaidi, na sukari nayo ilianza kupanda. Muuguzi wa lishe, binti wa umri wa wanafunzi wangu, aliniomba nimtajie anachokula. Nikataja chote, kwa fahari kidogo.

"Mwalimu, umemwondolea mafuta yote?"

"Yote."

"Ndiyo maana hashibi." Akatueleza kwa upole kwamba mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mtu hukaa muda mrefu bila kutamani kitu. Mkate mweupe na sukari huisha upesi, na sukari inayozidi, ini huigeuza kuwa mafuta yale yale tuliyokuwa tunayakimbia. Tupunguze mafuta ya nyama na vya kukaangwa, lakini samaki, parachichi na karanga zirudi. "Karanga bila chumvi, kiganja kimoja kwa siku. Si bakuli, maana hizi ndogo zimebeba nguvu nyingi na zitamnenepesha."

Habari za ini nilikuwa nimeziandika ubaoni mara ngapi! Nilitazama sakafu.

"Kiganja cha nani?" mume wangu akauliza.

"Chako, baba."

"Alhamdulillahi kwa mikono mikubwa."

Tangu siku hiyo nilikaanga karanga kwenye kikaango kikavu, akazipima kwa kiganja chake, nikazitia katika kopo lake la zamani la vifungo. Nilipostaafu nikawa nampelekea mwenyewe saa nne. Alizisugua kati ya viganja, akapuliza maganda, mengine yakatua kwenye vitambaa vya watu, nami nikamgombeza huku nikiyaokota. Mwaka wa pili alinionyesha suruali ya kijivu: mshono umerudi kwenye matundu yake ya kwanza.

Aliishi miaka tisa zaidi, kisha moyo ukamchukua kama ulivyomchukua baba yake. Siwezi kusema ni karanga zilizompa miaka hiyo. Dawa alimeza pia, na kutembea alitembea. Ninachosema ni hiki: mume wangu alishinda njaa nyumbani kwangu miezi saba, kwa kosa langu, na hakushinda njaa tena. Mwenye kusimulia asimulie yote.

Wifi amenishauri niigawe suruali ile. Sijaigawa. Saa nne ikifika bado nakaanga. Kiganja chake kilikuwa sawa na viwili vyangu, hivyo napima mara mbili, natia katika kopo la vifungo, na kula nusu.