Kopo la Mwisho la Dada

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Ukiingia kwenye chumba chake cha kazi utamkuta ameinama, pini mdomoni, futi shingoni, na simu inaita juu ya kabati mpaka inachoka yenyewe. Wateja wanadhani ana maringo. Ukweli ni kwamba sauti nyembamba zimemkimbia. Yangu anaisikia vizuri, maana nilijaliwa mdomo, lakini simu, birika likichemka, ndege, hapati hata kimoja.

Hilo la ndege ndilo lililomuuma zaidi. Marehemu dada yangu, mkewe, alikuwa muuguzi, na siku zake za mapumziko alizimalizia msituni na darubini. Fundi hakuwa na habari na ndege. Yeye alipenda ule mchezo wa makopo: mtu anaficha kopo msituni, anasoma kwenye simu namba za mahali alipo, anakutumia, nawe unazifuata ukalitafute. Walipooana, michezo nayo ikaoana. Dada aliyaficha makopo jirani na ndege wake, Fundi akayatafuta. Simu humfikisha mtu karibu tu; kilichobaki ni kidokezo, na kidokezo cha dada siku zote kilikuwa ndege. Fundi akilipata kopo alipiga kelele, "Nimekukamata!" Na dada, kutoka kwenye gogo alilokalia, alijibu, "Umechelewa!" Watu wazima hao, jamani.

Kopo la mwisho dada alilificha muda mfupi kabla ya kuanza kuugua. Alipofariki, Fundi alibaki na namba kwenye simu na kidokezo kimoja: "Simama pale Miwani anapolia." Miwani ni kidege cha kijani chenye duara jeupe kuzunguka jicho, jina hilo alikipa dada mwenyewe. Basi kila Jumapili Fundi alikwenda peke yake, akachokoa mashimo, akapekua mizizi, akarudi na tope magotini na mikono mitupu. Gauni alilokuwa akimshonea dada lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango, pindo limefika nusu. Nilimwambia aliondoe. Akaniambia nishughulike na mambo yangu.

Jumapili moja akaja kwangu, kofia mkononi.

"Shemeji, naomba uniazime masikio."

"Kwani ya kwako yamekwenda wapi?"

"Usinifanye niseme."

Nilikwenda. Mimi na msitu hatupatani, na nililalamika njia nzima: siafu, miiba, viatu vyangu vya kanisani. Fundi alitangulia, macho kwenye simu. Simu ilipotuambia tumefika, tulikuwa katikati ya miti iliyosongamana, na kopo lingeweza kuwa kwenye wowote.

"Sikiliza," akaninong'oneza.

Nikanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yangu. Kulikuwa na upepo, na majani, halafu kasauti kembamba kanakotetemeka, juu, mkono wa kushoto.

"Huyo hapo!"

"Ndiyo, namsikia," akasema Fundi, akitazama kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hivyo ndivyo alivyomjibu dada miaka yote. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye mti wenyewe.

Tulizunguka shina. Upande wa pili, tulipoyasogeza majani yaliyotambaa tangu hapo, kopo lilikuwa linaning'inia wazi kabisa, usawa wa kifua cha Fundi, limefungwa kwa futi ya njano. Futi ile ile iliyopotea kazini kwake, ambayo kwa sababu yake alininunia wiki nzima akidai nimeichukua mimi!

Nilitaka kumsema. Nilipomtazama usoni nikaacha.

"Dada yako hajawahi kuacha kopo hadharani," akasema. "Lazima akutese kwanza. Hili hakulificha, shemeji. Alijua sisikii."

Nilitegemea barua ndani. Haikuwemo. Kulikuwa na penseli na kikaratasi cha kusaini, kama mchezo unavyotaka. Fundi akasaini, akafunga kopo, akajipangusa magoti kwa mazoea. Kisha akasimama wima, akapaza sauti ikajaa msitu mzima.

"Nimekukamata!"

Nilifungua mdomo nimjibu. Neno lilikuwa kwenye ulimi, nalijua kama jina langu. Nikaufunga mdomo, kwa sababu neno lile halikuwa langu. Na Fundi alisubiri. Alisubiri kweli, kichwa amekiinamisha upande kama mtu aliyebisha hodi na kuona taa inawaka ndani. Sijawahi kumwona mtu aliye peke yake kiasi kile, na mimi nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega.

"Miwani bado analia?" akauliza mwishowe.

Ndege alikuwa ameruka tangu tulipousogelea mti.

"Analia," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema Fundi. "Namsikia."