Siku ya Kuoshana Miguu

Nyumba yangu ilichomwa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Watu husema "iliungua", kana kwamba nyasi zilijiwasha zenyewe. Mimi nasema aliichoma yeye, mchana kweupe, nikiwa shambani nachuma pareto. Mke wake ndiye aliyeeneza kwamba mimi ni omorogi, mchawi, na kwamba ugonjwa wa tumbo uliomuua mume wangu niliutia mimi kwenye uji. Na mzee wa kanisa letu alisimama barabarani, mikono nyuma, akatazama moshi. Ni hao watatu. Sikupita darasa la pili, lakini mpaka tatu naweza kuhesabu.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, upande wa Nyamira. Nilijenga kibanda palepale kwenye majivu, maana nikiondoka shamba linakwenda kwa shemeji, na shamba ndilo alilotaka. Kila Jumamosi, maana sisi ni Wasabato, nilikwenda kanisani. Sisemi ni imani. Nilitaka wanione napumua. Nilikaa benchi la nyuma, na benchi lote likawa langu peke yangu, kama la chifu.

Ukapita mwaka, nikachoka. Uchovu wa jembe ukilala unaisha. Huu uliamka nami. Nikafunga vyombo vyangu kwenye shuka. Jumamosi iliyokuja ilikuwa Meza ya Bwana, na kwetu, kabla ya kula mkate, watu huoshana miguu wawili wawili, wewe unamwosha mwenzako, naye anakuosha. Asiyeoshwa haruhusiwi kula. Nikajiambia, wakiniacha tena na miguu mikavu, naenda kwa mama yangu Kebirigo. Shamba wale.

Wanaume wakabaki ndani, sisi wanawake tukatoka nyuma ya kanisa kwenye makarai ya maji. Kila mmoja akamshika mwenzake upesi. Nikabaki. Akabaki na mwingine, mama mgeni kutoka ziwani, muuza samaki wakavu sokoni Keroka. Akaja kwangu na karai lake. Mke wa shemeji akamwambia jambo kwa Ekegusii. Hakuelewa. Ikabidi huyo mke wa shemeji aseme kwa Kiswahili, wote wakisikia:

"Mama, huyo usimguse. Ni mchawi."

Mgeni akaitazama miguu yangu. "Kwani inauma watu?"

"Nakuonya tu, mama."

"Haya, umeshanionya. Dada, vua viatu."

"Sina viatu."

"Afadhali. Kazi imepungua."

Mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Maji yalikuwa baridi. Mikono yake ilinuka samaki, na alisugua kweli, mpaka kwenye nyufa za visigino. "Wewe unalimia miguu?" akaniuliza. Sikulia, machozi yalikuwa yameniishia zamani. Zamu yangu ilipofika nikamwosha na mimi. Tangu nilipomkanda mume wangu katika ugonjwa wake, sikuwa nimegusa mguu wa mtu.

Tuliporudi ndani, yule mzee alipitisha mkate. Alipofika kwangu sahani ikasita.

"Ameoshwa, mzee," mama wa samaki akasema kwa sauti ya sokoni.

Akanipa. Nikautafuna polepole, nikimtazama.

Nyumbani nilifungua shuka, nikatoa sufuria, nikapika viazi. Nilikuwa nimechoka vilevile. Shemeji hajaniomba msamaha hadi leo, wala mke wake, na mimi sijawasamehe. Naandika hivyo wajue. Lakini shamba ninalo.

Meza iliyofuata, mama wa samaki alikuwa amekwenda kwao kuzika. Nilichukua karai mwenyewe, nikateka maji, nikapiga magoti nikingoja. Wakapita huyu na huyu. Halafu jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, ambaye mwaka mzima alikuwa akigeuza uso tukikutana kisimani, akaja akaketi. Hakunitazama. Alinyoosha mguu tu, akasema, "Fanya haraka, kuna baridi."