Doa Jeusi Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi ni mtu wa kuhoji kila kitu. Redio ikitabiri mvua, nauliza imejuaje. Kazini natafuta mafuriko kwenye picha za rada ya setilaiti, ambako maji huonekana kama doa jeusi. Kila asubuhi, kabla ya kazi yenyewe, huchungulia humo kwetu, magharibi mwa nchi. Sijaenda kwa miaka minne.

Juma lililopita niliona doa jeusi nyuma ya nyumba ya mama. Simu yake haikupatikana. Jumapili nikasimama katika mkutano wa watu wa kwetu, mtaa wa Jericho hapa mjini, nikawaonyesha picha. "Mto umevunja kingo," nikasema. Akina mama wakaanza kuchanga mablanketi. Begi langu lilikuwa tayari, na nakiri nilikuwa na furaha: hatimaye nilikuwa na sababu ya kwenda.

Mjomba Wafula, mwenyekiti wetu, akampata mama kwa simu ya jirani, akaweka spika.

"Mafuriko gani, baba? Hata kisima kimekauka."

"Mama, naona peusi nyuma ya nyumba."

"Si hapo penye miwa? Nimeikata yote, nikasawazisha udongo."

Nikakumbuka somo la mwaka wa kwanza: udongo uliosawazishwa nao huonekana mweusi, kama maji yaliyotulia.

"Profesa wa mawingu," mjomba akasema, na ukumbi ukacheka.

"Umesawazisha kwa nini, mama?"

"Ndugu zako wote wana nyumba hapa," akajibu, watu wote wakisikia. "Nilisema ukija, usikose pa kujenga."