Maumivu Yaitwa Mbele ya Jopo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Vifungo alishona vifungo vya sare katika kiwanda kimoja cha nguo, na hakuna kifungo chake kilichowahi kudondoka kabla shati lenyewe halijachakaa. Kisha vidole vyake vikaanza kuwaka moto usioonekana. Siku nyingine zilikuwa nyayo, siku nyingine shavu. Alitolewa damu chupa kumi na sita, na majibu yakarudi masafi kama shuka za hoteli.

"Nashuku kinga ya mwili wako inakushambulia wewe mwenyewe," daktari alisema, "ila sina uthibitisho."

"Yaani walinzi wake ndio wanaompiga?" alidakia wifi yake aliyemsindikiza. "Basi hao ni askari kweli kweli!"

Mama Vifungo aliomba jambo moja tu: ahamishiwe meza ya ukaguzi, ambako mishono hutazamwa na sindano haishikwi. Kiwanda kikamjibu kwa barua yenye mihuri mitatu. Maumivu yasiyo na jina sharti yaonekane. Yaletwe mbele ya jopo Jumanne, saa nne kamili asubuhi. Yasipotokea, mwenyewe atatia saini kwamba ni mzima na kurudi kwenye cherehani. Akikataa, kazi hana.

Jumanne hiyo aliamka mzima kama chuma. Alitamani kulia.

"Yako wapi?" aliuliza mwenyekiti wa jopo, ambalo watu wake watano hawakuwahi kutunga uzi kwenye sindano maishani mwao.

"Hayajafika, Mwenyekiti."

"Uliyaarifu?"

"Nakaa nayo nyumba moja, lakini hayanisikilizi."

Walisubiri hadi saa tano kasorobo. Wakanywa chai. Katibu akaandika: "Maumivu hayakuhudhuria, wala hayakutoa udhuru." Kisha akamsogezea karatasi ya uzima.

Mama Vifungo alishika kalamu shingo upande. Kwenye herufi ya pili moto ulipanda kutoka kidole gumba hadi kiwiko, na kalamu ikakata karatasi nzima mkingamo.

"Haya hapa! Yamefika!"

"Kikao kimeshafungwa," alisema mwenyekiti. "Yamechelewa."

Katibu alikuwa ameinamia faili. "Mwenyekiti, saini hii hailingani na iliyomo kwenye faili."

Mama Vifungo akairudia mara tatu. Ya mwisho ilifanana na msafara wa siafu. Kanuni ilikuwa wazi: saini isiyolingana ni batili. Mzima hawezi kuwa, kwa kuwa hakutia saini; mgonjwa hawezi kuwa, kwa kuwa maumivu yalikosa kikao. Na mfanyakazi ambaye faili lake halijafungwa hafukuzwi, wala hapangiwi mashine.

"Akae wapi sasa?" katibu aliuliza.

"Popote pasipo na sindano, mpaka saini yake ipone."

Kiwanda kizima kilikuwa na meza moja tu ya namna hiyo.

Nje, wifi yake alimrukia. "Umeshinda?"

"Sijui, wifi. Nishike mkono, twende. Siyo huo!"