Fomu Niliyoibandika Kang'ata

Humu sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Wanaonijua hudhani ni adabu yangu. Si adabu, ni woga wa mtu aliyekwisha kuungua.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mashirika ya umma yakiuzwa. Shamba la mkonge nilikokuwa karani lilikuwa likitafuta mnunuzi, nasi tukapunguzwa kazini. Wenzangu walipewa barua tu. Mimi, kwa kuwa nilikaa ofisini miaka mingi, niliongezewa saa ya mkononi. Nikarudi nyumbani Kwamndolwa na saa yangu, sina pa kuwahi. Kikundi cha ngoma cha mtaani kwetu kikanifanya katibu kwa sababu moja tu, mwandiko wangu.

Tulikuwa na wapigaji, waitikiaji na wachezaji, lakini bila bibi mmoja wa Kizigua sote tulikuwa kelele tupu. Yeye ndiye aliyetunga na kuongoza nyimbo, na nyimbo zake zilidai haki za watu. Aliyedhulumiwa alimwendea na kuku au ugoro kidogo, akamweleza shida yake. Bibi alikaa nayo siku kadhaa. Kisha kwenye harusi au sherehe ya mavuno, aliyedhulumu akiwapo, aliimba. Hakutaja jina. Aliimba habari za ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi ya yatima, na kila mtu alijua ng'ombe ni nani. Halafu ngoma zilishushwa sauti, tukasubiri. Wimbo ukimwingia, yule mtu alitoka kucheza, kichwa kakiinamisha, akamtunza bibi kwa chochote alichokuwa nacho. Bibi alikipokea na kumkabidhi aliyedhulumiwa. Hapo kesi imekwisha, hakuna aliyeitwa mwizi, na kilichochukuliwa kinarudi. Sisemi ilifaulu kila mara. Lakini nimeona kwa macho yangu watu wakubwa wakitoka.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa Kang'ata, huko Handeni. Mumewe alipofariki, shemeji yake akaanza kulimezea mate shamba aliloachiwa shangazi, hata akalichomekea vigingi kana kwamba ni lake. Zamani mapori ya kule hayakuwa na wa kuyagombea, lakini sasa watu wa mjini walikuwa wakija na magari yao, wakiuliza bei. Shangazi alikuja Kwamndolwa na jogoo kwapani. Bibi akampokea, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia tutakwenda kwao baada ya mavuno.

Shida ni kwamba ngoma zetu zilikuwa zimepasuka ngozi, na lori la kutufikisha Kang'ata halikuwa la bure. Ndipo niliposikia Korogwe mjini kwamba upo mfuko unaotoa ruzuku kwa wasanii wa vijijini wanaotetea haki. Nilipopewa fomu, nilifurahi kama mtu aliyerudishwa kazini.

Nilimkuta bibi uani kwake akipepeta mahindi. Nikamwamkia, nikamsomea maswali. Eleza tatizo mahsusi. Mtaje anayedhulumiwa. Mtaje anayedhulumu.

"Usimtaje," alisema.

"Bibi, wenyewe ndivyo wanavyotaka. Tusipojaza watatunyima."

"Mjukuu wangu, mtu akishatajwa hatoki kucheza."

"Karatasi inakwenda Dar es Salaam, bibi. Nani wa Kang'ata ataisoma?"

Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye ungo wake. "Haya, katibu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilichukulia kwamba amekubali. Nikaijaza fomu kwa wino wa bluu, jina la shemeji nikalipigia mstari kwa rula. Niseme ukweli, nilifurahia kuliandika. Nilikuwa na hasira naye, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Majibu yalikuja. Maombi yetu yamewapendeza, ila wananchi lazima washirikishwe: nakala ya fomu ibandikwe siku saba kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kinachohusika, ili mwenye pingamizi aseme. Ningeweza kuandika nakala nyingine isiyo na jina la mtu. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Lakini karani hatoi nakala isiyolingana na ya asili, ndivyo nilivyofunzwa kule shambani, na nilijivunia kwamba sijawahi kukiuka. Nikanakili kila neno, hadi ule mstari wa rula.

Nikaenda nayo Kang'ata mwenyewe. Niliibandika asubuhi kwa uji wa muhogo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na watu wakaanza kusogea. Mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti. Shemeji alikuwa akitoka shambani, jembe begani, akasimama nyuma yao na kusikia jina lake. Nilitaka aone aibu. Aliiona, tena mbele ya wakweze na watoto wake, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

"Kumbe mimi ni mwizi na imeshaandikwa," alisema, akinitazama mimi. "Sasa unataka nirudishe ili niitwe nani?"

Siku saba hazikutimia. Aliliuza shamba kwa mmoja wa wale wenye magari, mahindi ya shangazi yakiwa bado mabichi.

Ruzuku tulipata. Tukanunua ngoma mpya na fulana zenye neno HAKI mgongoni, na lori likatupeleka Kang'ata kama tulivyoahidi kwenye fomu. Watu walishangilia na picha zikapigwa. Bibi alikataa fulana. Aliimba wimbo wa salamu, akaketi, na wimbo wa shangazi hakuuimba. Nilipoandika ripoti nilisema lengo limefikiwa. Shangazi wakati huo alikuwa nyumbani kwangu, katika chumba cha uani, na vyombo vyake kwenye gunia moja.

Aliishi nasi bila kuninung'unikia. Ningeona nafuu kama angenitukana. Alasiri moja bibi alikuja kumjulia hali, na shangazi akamwomba jambo. "Bibi, ule wimbo wangu ulikuwa umeutunga?"

"Niliutunga."

"Nataka kuusikia."

Bibi aliimba palepale uani, akipiga debe la maji kwa viganja. Ulikuwa wimbo wa kunguru aliyeliwekea alama shina la muhindi wa mjane. Sijasikia wimbo mzuri kuliko ule, na roho iliniuma kwa sababu nilijua ungemtoa yule mtu. Kisha bibi akashusha sauti ya debe, akawa anasubiri, kama desturi inavyotaka. Uani tulikuwa watatu tu. Aliendelea kupiga polepole, macho yake chini, bila kunitazama.

Niliinuka. Sijui kucheza, sikuwahi kujua. Nilitoka nikiwa nimeinamisha kichwa, nikavua saa yangu na kumtunza bibi. Akaipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi shangazi.

Shangazi aliishika, akaigeuza huku na huku, akaiweka sikioni. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayetaka kweli kujua:

"Sasa hii, baba, nitaipanda wapi?"