Mwizi wa Rota ya Pijo la Baba

Niambieni nyie, mwizi gani anaingia uani kwa mtu, anaacha betri mpya, anaacha jeki, anaacha na simu juu ya kigoda, halafu anabeba pete ya shaba ya giaboksi?

Pete moja tu. Ukiipeleka kwa wanunua vyuma chakavu hawakupi hata ya soda.

Hayo yalinikuta mie mwaka jana, nyumbani kwetu Mtoni.

Jina Noela. Ni fundi magari. Ndiyo, mwanamke. Kama una swali umechelewa, wenzio walishauliza wakachoka.

Gari lenyewe ni Pijo 404 la baba yangu, mzee Anselmo. Alilifanyia teksi, akatusomesha kwa hilo, mwishowe likamzimikia njia ya Pugu. Likavutwa mpaka uani, likakaa hapo miaka, kuku wakawa wanataga siti ya nyuma.

Kisha baba akaanza kuumwa moyo. Siku tunamtoa hospitali, akashika bega langu, akasimama mbele ya lile gari.

"Noela, lifunge hili. Nikilisikia linaunguruma, nitapumzika."

Kwangu ile ilikuwa amri. Daktari alishatuambia moyo umechoka na hakuna la kufanya. Na mzee wangu hakuwahi kuniomba kitu.

Mama yangu, Eufrazia, alikuwa kasimama pembeni na mfuko wa dawa.

Nikashusha injini na giaboksi palepale uani, nikisaidiwa na Augustine, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Nikabadilisha pistoni, ringi na beringi zote. Giaboksi nikaifumua, nikapanga gia zake juu ya gunia.

Ndipo ile pete ikapotea. Ndiyo inayofanya gia iingie bila kukwaruza, kwa hiyo huwezi kufunga bila hiyo. Nikazunguka maduka ya vipuri ya Gerezani mpaka miguu ikavimba. Vipuri vya Pijo la zamani ni adimu kama wali wa daku.

Nikapata, nikafunga. Ikapotea gasketi ya silinda hedi, mpya kabisa. Nikatafuta nyingine.

Injini ikarudi mahali pake. Napiga stata, inazunguka tu, haishiki. Nafungua distibyuta, rota hakuna. Kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi kimechomolewa, na kifuniko kikarudishwa vizuri.

Jamani, badala ya gari kuwaka nikawaka mie. Nikamfuata Augustine bombani anafua.

"Braza, rota iko wapi?"

"Sista, giaboksi nimebeba na wewe mpaka kiuno kimegoma. Leo niibe rota nikaivae wapi?"

"Humu ndani wanaojua rota ni nini ni mie na wewe."

"Na mzee," akasema. "Na mama. Si unasemaga ndiye alikuwa anamshikia tochi mzee akitengeneza teksi?"

Nikamwona anatafuta pa kutokea. Nikasonya, nikaondoka.

Jumamosi mama akaenda jumuiya, kusali na wenzake. Nikaingia jikoni nimkorogee baba uji. Nachota unga kwenye ndoo, kikombe kikagonga kitu kigumu.

Mfuko wa nailoni. Ndani yake pete ya shaba na rota. Gasketi nikaikuta chini ya ndoo.

Nikakaa sakafuni, unga mikononi. Hasira nilikuwa nazo, sifichi. Muda wote namsaka mwizi, kumbe ndiye ananipikia ugali.

Mama alivyorudi akakuta vitu viko mezani. Hakukana.

"Mama, kwa nini? Baba ana ombi moja tu."

"Ulimsikia alisemaje?"

"Likiunguruma atapumzika."

"Na sie kule jumuiya tukimwombea marehemu, tunasemaje?"

Apumzike kwa amani. Nimelisema misibani toka nikiwa mtoto.

"Mie nimeishi na yule mzee," akasema. "Akitamka neno, analitimiza. Wewe unakaza nati, mie naona unampigilia baba yako jeneza."

Akalia. Na mie nikalia.

Tulidhani tunanong'ona, kumbe chumbani tunasikika.

"Njooni hapa," baba akaita.

Tukamkuta kaegemea mto, anahema.

"Mama Noela, hukunielewa. Kuna kijana Msasani anaitwa Khalil, anapamba magari ya harusi. Maharusi siku hizi wanayagombea haya ya zamani. Tumeshaongea. Likitembea, atakuwa analikodi kwako. Si kwa watoto, kwako. Kukaanga mihogo kumekuumiza mgongo. Nikijua unakula bila kumwomba mtu, nitapumzika, sitakuwa na mawazo tena."

"Si ungesema hivyo?"

"Ningekwambia napanga mambo ya siku nisiyokuwepo, ungekaa ukasikiliza?"

Mama akafuta macho kwa kanga. Akaichukua rota, akatoka uani, akaipachika mwenyewe. Kweli alikuwa anajua.

Nikapiga stata. Ikashika.

Baba alikuwa dirishani. Akaniashiria kwa vidole viwili. Nikalisogeza, nikaingiza gia ya pili, ikaingia laini. Akatikisa kichwa, akacheka kimyakimya.

Usiku ule alilala bila kukohoa. Kesho yake akala akamaliza sahani. Nikajisemea, mama si umeona?

Jumatano asubuhi hakuamka.

Sasa Pijo linapiga kazi, na anachokula mama kinatoka humo. Ila kila nikiliwasha, anaingia ndani anafunga mlango.

Hajawahi kunilaumu. Lakini siku ya arobaini alinishika mkono akaniuliza, "Noela, ningekatalia ile rota, si angekuwepo?"

"Angekuwepo na mawazo, mama."

Nilimjibu hivyo, na sijui kama ni kweli. Imeniuma mpaka leo.

Ninachokijua ni hiki, wenye wagonjwa nisikilizeni. Mgonjwa akisema neno, muulizeni maana yake siku hiyohiyo, wote mkiwa mmekaa. Kuuliza si ujinga. Mie nililielewa langu, mama akalielewa lake, baba wa watu akakaa anasubiri. Angeweza kupumzika mapema, akiwa hai, na sie tukiwa naye.